Kikwembe cha Mama Agar

Kavugho alijifunza kuogelea kwa sababu ya samaki. Kwa mjomba wake Mbusa, huko Kalunguta, siku ya kuvua tilapia ilibidi mtu mmoja avuke kidimbwi cha kufugia samaki na kamba ya wavu mpaka ng'ambo, polepole, matope yasitibuke. Wavulana walirusha miguu kama bata. Msichana huyu aliyekuja likizo kutoka Butembo alipita kimya, na maji yakajifunga nyuma yake kana kwamba hakuna aliyepita. Tangu siku hiyo kamba ikawa yake.

Aliogelea amejifunga kikwembe, kitenge cha kujifunga kifuani, kama wasichana wote wa kule. Hivyo hivyo aliingia katika mashindano yake ya kwanza, kwenye bwawa la hoteli moja ya Beni. Katikati ya maji kikwembe kikafunguka. Kavugho akasimama, akakifunga upya, akakaza fundo vizuri. Alipofika, wenzake walikuwa wamekwisha kujifuta maji. Kocha Salomon, aliyefundisha katika bwawa hilo, alicheka mpaka akaketi. Kisha akakumbuka ile mikono iliyopita majini bila kelele.

"Ukuje kila samedi," akamwambia, maana Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mazoezi. "Lakini hiyo kikwembe, uiachie mama."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mama yake, Mama Agar, alikuwa mshonaji mjini Butembo, na kanisani ndiye aliyeongoza kwaya ya akina mama. Alipoletewa vazi la kuogelea aliligeuza juu chini, akatafuta mshono.

"Ingine iko wapi?"

"Iko yote, maman."

"Yote? Hii ni kofia ya mutoto!"

Alikubali mazoezi, kwa kuwa mke wa kocha alikuwapo na lango la hoteli lilifungwa. Lakini ubingwa wa jimbo ulipokaribia, na ikajulikana kwamba watu wataingia, alikataa. Kavugho hakubishana. Alisonga foufou, ule ugali wa muhogo, siku nyingi bila kusema neno, na kwa binti aliyezoea kuimba jikoni, kimya hicho kilisikika nyumba nzima.

"Basi," mama akasema jioni moja. "Tutaenda wote. Ukitoka mu maji, utanikuta pale na kikwembe, nikufunike. Lakini nikiona haya, njo ya mwisho. Hautaogelea tena."

Siku ilipofika, Mama Agar alikuja na kikwembe chake cha buluu cha kwenda kanisani. Akaenda moja kwa moja kusimama ng'ambo ya bwawa, amekitandaza kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwambia kwamba mbio zile ni kwenda na kurudi. Alivyojua yeye, aliyevuka na kamba amemaliza.

Kavugho alipomwona, alikuwa tayari majini, akiwaongoza wote.

"Toka, mwanangu! Baridi!"

Akitoka, ameshindwa. Akigeuka, anamwacha mama yake peke yake mbele ya Beni nzima, mikono imenyooshwa, na huenda hiyo ikawa ndiyo haya yenyewe. Aligusa ukuta chini ya miguu ya mama.

"Maman, mwisho ni kule!"

Akageuka.

"Maman, anarudia!" vijana wa pikipiki wakapiga kelele kutoka juu ya ukuta wa uzio walikopanda. "Kimbia, maman! Atakushinda!"

Na Mama Agar akakimbia, viatu vya ibada vikigonga sakafu, kikwembe kikipepea nyuma yake. Kavugho alizoea kuvuta pumzi kwa upande ule. Kila alipoinua uso aliiona buluu ile ikienda sambamba naye, mara mbele kidogo, mara nyuma. Wapinzani aliwasahau. Aliifuata buluu.

Walifika pamoja. Kabla jina la bingwa halijatangazwa, bingwa alikuwa amefunikwa mpaka masikio. Watu walipiga makofi, wengine walikuwa wanacheka na kufuta machozi. Kavugho hakuthubutu kumtazama mama yake.

Mama Agar alihema kwa muda mrefu. Kisha akaingiza vidole ndani ya kikwembe, akapapasa mshono wa vazi begani.

"Inakukaza hapa," akasema. "Nitaipanua."

Baadaye Kavugho aliogelea Goma, kisha Kinshasa, akashinda na kushindwa. Leo anafundisha wasichana katika bwawa lile lile la Beni, na mavazi yao yanashonwa Butembo. Popote alipokwenda kushindana, mama alimfuata na kile kikwembe cha buluu. Kabla ya kusalimia mtu, alimtafuta mwamuzi.

"Papa, samahani. Mwisho ni ukuta gani?"