Baba Kwenye Bembea

Nikinusa grisi, namwona baba kwenye bembea ya kuzunguka, uwanja wa maonyesho, Shinyanga. Tulikuwa likizo. Baba alikuwa mwalimu mkali. Shuleni kwake aliyeongea Kisukuma alivishwa kibao shingoni. Siku hiyo akasema aijaribu bembea yeye kwanza, ndipo sisi watoto tupande.

Ilipopaa tu, akapiga ukelele: “Mayu! Mayu wane!”

Kwenye foleni alikuwepo mwanafunzi wake, binti mtundu. “Shikamoo mwalimu! Mama unamwita kwa Kisukuma? Kibao hicho!”

Watu wakaangua kicheko. Nikajua basi, tunarudishwa nyumbani bila kupanda.

Baba akashuka akiyumba, akamwinamishia binti shingo, akacheka mpaka machozi. “Marahaba, nivishe. Wanangu, pandeni!”

Kule juu niliomba tusishushwe, nisije nikamkuta amekuwa mwalimu tena.