Kibuyu cha Kwenye Ufa

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa sisikii kitu moyoni. Kaka yangu alikuwa ameuawa vitani kaskazini, mwili haukurudishwa, na nyumbani kwetu Rwezamenyo watu walikuja kutupa pole, wakakaa, wakaondoka. Majirani Waislamu walileta chai na maandazi. Nilikula. Mama alinyoa nywele, mimi nikarudi shuleni Gikondo kujifunza kuchomelea vyuma, na watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Sikujikaza. Hapakuwa na kitu cha kukaza.

Mwalimu wetu wa kuchomelea, Mbelgiji mwenye masikio mekundu, alikuwa na kamba na wazimu wa kupanda miamba. Jumapili alituchukua, mimi na mwanafunzi mwenzangu mmoja, hadi kwenye jabali moja mlimani, juu ya Nyamirambo. Nilikwenda kwa sababu vidole viliniuma kule juu, na maumivu angalau yalikuwa kitu.

Alikuwa na masharti mengi kuliko padri. Hatukupigilia chuma kwenye mwamba. Hatukung'oa hata jani lililoota kwenye jiwe. Kabla ya kuondoka tulisugua alama za viatu vyetu, tukaokota kila takataka, yetu na isiyo yetu, mpaka maganda ya ndizi ya wachunga mbuzi. Jiwe lisijue kama tulikuja, alisema. Niliona ni upuuzi wa mtu aliyeshiba, lakini niliokota.

Jumapili moja mwenzangu alikuwa anafagia ufa ulio juu kidogo ya njia ya miguu, ananitupia vitu chini, nami nimeshika gunia. Vigae vya chungu. Majani makavu yaliyofungwa vizuri. Kisha kibuyu kidogo chenye harufu ya pombe ya mtama. Kilikuwa na nyota iliyochorwa kwa msumari wa moto. Nyota ile aliichora kaka yangu tulipokuwa wadogo, akachapwa kwa ajili yake.

Mama alikuwa akituambia anaenda misa ya kwanza. Kumbe alipitia mlimani kwanza, kumpelekea mwanawe kinywaji, kama wazee wa zamani walivyowapelekea wafu wao. Padri asingependa kusikia hayo. Lakini kaburi hakuwa nalo. Alikuwa na ufa ule, nasi tulikuwa tumeufagia ukatakata.

Nilimweleza mwalimu. Masikio yake yakazidi kuwa mekundu. Alitaka kupanda mara moja arudishe kila kigae mahali pake. Nikamwambia aache, tumwulize mwenyewe.

Nilimkuta mama jikoni, nikampa kibuyu. Alikigeuzageuza, akakinusa.

"Mulikunywa?"

"Hapana, mama. Tulizani iko takataka."

Nilingoja anigombeze. Ningefurahi angenigombeza. Alikifuta kwa ncha ya kitenge chake, akakiweka karibu na mafiga, akaendelea kukoroga maharage.

"Ile fasi haiko muzuri tena," alisema hatimaye. "Kila mutu anapita pale. Wewe unajua kupanda. Utamupelekea juu, fasi hata nyinyi hamufagie. Toka alikufa, haujamusalimia hata siku moja."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha chumvi imekwisha.

Jumapili iliyofuata alikuja nasi, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mwalimu alimwinamia, akaomba radhi kwa Kifaransa, nami nikatafsiri. Mama akamjibu kwamba kufagia si vibaya, ila mtu hubisha hodi kwanza. Mwalimu alikubali, na tangu siku ile hatukugusa jabali lolote kabla ya kuuliza wenyeji.

Nilipanda kibuyu kimefungwa kiunoni, mwalimu ameshika kamba chini. Karibu na kilele palikuwa na tundu, kina chake kama mkono hadi kwenye kiwiko. Nikakiweka ndani, nikamwaga pombe kidogo kwenye jiwe. Sikusikia kitu. Nilifanya kama nilivyoagizwa.

"Mukubwa, amakuru?" nikasema, kama nilivyokuwa nikimsalimu nilipomkuta ametangulia nyumbani.

Mama akaita kutoka chini, "Ameitika?"

Nilifungua kinywa nimwambie ndiyo. Kikatoka kilio. Nikalaza uso kwenye jiwe. Na mwalimu, akidhani ninateleza, akakaza kamba.