Sakafu Inayokimbilia Mlangoni

Maurine Hiribae wa Ngao hutengeneza vigae vya simenti kwa mkono. Kila rangi huimimina kwenye kalibu kwa kijiko, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kwa siku hupata kumi na viwili. Vigae vya sebule ya Bi Hasina, kule Kipini, vilimchukua wiki tatu ukitoa Jumapili.

Kuvipanga kulichukua siku nne. Alivikandamiza kwa kiganja, maana nyundo huvipasua. Akajaza nafasi kwa rojo ya simenti, akafuta kwa sponji kabla haijakauka, kisha akapaka dawa ya kuziba vitundu mara mbili, ili hata manjano ya mchuzi yasizame.

Siku ya kukabidhi, Bi Hasina aliingia na kapu la ndimu. Moja ikamponyoka. Ikabingirika juu ya maua mekundu, ikavuka kizingiti, ikaenda zake uani.

"Fundi, ndimu yangu iko wapi?"

"Imetoka, Bi."

"Nimeiona. Nauliza kaifukuza nani."

Akaangusha ya pili makusudi. Nayo ikatoka.

Maurine alijua kosa lilipo. Kwao Ngao, mto ukifurika, maji huingia ndani bila hodi, kwa hiyo sakafu huinamishwa kidogo kuelekea mlangoni, yakiondoka yaondoke na matope yake. Aliwahi kumwona mama yake akichota matope kwa sufuria wiki nzima. Tangu hapo mkono wake hukiacha kiputo cha pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, nje kidogo ya mstari, bila kumuuliza. Hata hapa, kwenye nyumba iliyokaa juu ya kilima cha mchanga, mafuriko yasikofika.

"Nitavibomoa nianze upya," alisema kwa shida. Kigae kikishashika hakitoki kizima. Wiki tatu zile zingekuwa kifusi.

"Tule kwanza. Siangalii nyumba yangu ikivunjwa nikiwa na njaa."

Mkeka ukatandikwa, sinia la wali wa samaki likawekwa katikati. Esha, mdogo wake Bi Hasina, alikaa upande wa mlango. Akala kimya, haraka, bila kuinua uso.

"Esha, leo umemeza ulimi?"

"Chakula kitamu, dada."

Bi Hasina akatazama upande wake: wali mkavu. Akatazama upande wa Esha: mchuzi wote wa nazi umehamia huko. Akainuka, akazunguka, akamsukuma mdogo wake kwa nyonga na kuketi. Akala matonge matatu akiwaza.

"Fundi, usivunje kitu."

"Na ndimu, Bi?"

"Ndimu zitakaa kapuni. Nimpendaye nitamketisha hapa. Mawifi watakaa kule." Akaonyesha ukutani. "Na leo, mwanangu, utakaa kule wewe, uonje ulichonifanyia."

Maurine akahamia ukutani. Akaula wali ule mkavu mpaka sinia likang'aa, akaomba uongezwe.