Mama wa Nyuma ya Mikokoteni

Vijana wa kanisa walimwita mama wa nyuma. Kwa siku tatu walivuta mikokoteni nje ya jiji la Columbus, wakiigiza safari ya waanzilishi wa kanisa lao, na yeye hakuacha kutembea nyuma ya mkokoteni wa mwisho. Kazini kwake, katika mji jirani wa Reynoldsburg, huhudumia wazee, ndiyo maana husugua viganja vipate joto kabla ya kumgusa mtu. Gaju, mmoja wa vijana hao, alivijua viganja hivyo. Vilikuwa vimemfunga malengelenge mara nne. Siku ya pili, katikati ya kilima, Gaju aliachia mpini wa mkokoteni wa mwisho, akaketi majanini akilia kwa hasira.

"Siwezi tena, mama. Benzangu wananichekaka."

Alingoja mahubiri juu ya uvumilivu. Mama huyo wa nyuma akaketi kando yake, akavua viatu vyake mwenyewe. Visigino vilikuwa vimechunika, damu imegandia soksi.

"Bon, sawa, leo unifunge wewe," akasema, akimpa bandeji. "Nilikuwa nasikia haya kuomba mtu anifunge."

Gaju alifunga polepole, akifuta machozi kwa bega. Alipomaliza alisimama wa kwanza, akamnyooshea mama mkono, wakapanda kilima pamoja.