Kisigino cha Fundi Makubadhi

Mume wangu Mabruki ni fundi makubadhi, anashona ndara za ngozi hapa Gongoni, na ukikaa kwenye benchi lake kidogo tu utaambiwa babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, pekupeku. Yeye mwenyewe kwenda msikitini anashikilia kuta za watu. Kisigino kinamuuma mwaka wa pili sasa. Akiamka asubuhi, hatua zile za kwanza anapiga kelele utadhani kakanyaga kaa la moto.

Haya, posa ya mwanetu Uwesu ikajibiwa. Katika ukoo wao baba ndiye anayetangulia zafa, maandamano ya kumsindikiza bwana harusi, kwa miguu, mpaka nyumbani kwa bibi harusi, na bibi harusi wetu anakaa Isevya, si karibu. Hapo bwana akaingiwa na hofu. "Mama Uwesu, nisipotembea siku hiyo bora nife," akaniambia, machozi yanamlengalenga. Nilimwonea huruma, wallahi.

Nikampeleka kliniki moja mjini, kwa dada wa fiziotherapia anayeitwa Advera. Huyo anatibu kwa mikono yake, anakanda na kunyoosha. Mabruki kumwona tu, akaurudisha mguu ndani ya kanzu. "Mtoto wa kike anishike mguu mimi? Jifunze wewe, utanikanda nyumbani." Akatoka nje kuwasimulia wagonjwa habari za pembe.

Advera akacheka. "Basi mama, nipe wako nikuonyeshe." Akaanza na kigimbi, akashuka polepole, akapitisha kidole gumba unyayoni kuanzia kwenye kisigino. Nikaruka! "Mama, mbona na wewe unaumwa?" Nikamwambia nani haumwi. Tangu Uwesu hajaota meno nasimama alfajiri nakaanga vitumbua. Nilidhani miguu ndivyo ilivyo. Akanikanda yote miwili, akanifundisha kuinyoosha kwa kusukuma ukuta, akanikataza viatu vigumu.

Nyumbani nikaanza kazi. Loo! "Kisigino kiko huku, wewe unahangaika na kigimbi!" Kusukuma ukuta hataki, majirani watamwona. Raba laini hataki, fundi makubadhi avae raba? Nikamwambia shauri yako. Nikajinunulia raba mimi, nikawa najikanda mwenyewe kila jioni, yeye ananitazama na kusonya.

Siku moja kabla ya harusi, mchana kweupe, namkuta barazani. Mguu kaupandisha juu ya gogo la kazi, nyundo mkononi, anajigonga kisigino.

"Baba Uwesu, una wazimu?"

Akanijibu kwa ile sauti yake ya kufundishia wanagenzi. "Nimelainisha ngozi maisha yangu yote. Ngozi ngumu haikandwi, inagongwa."

Kulipokucha kisigino kimeumuka kama kitumbua. Makubadhi mapya aliyojishonea kwa ajili ya siku hiyo hayaingii, na kusimama hawezi. Akatafutiwa bajaji. Wazee wakabaki wanaulizana nani atatangulia zafa, ndipo Uwesu akasema, "Kwani mama si mzazi?" Wakaguna, kisha wakanipisha mbele. Nikavaa raba zangu chini ya baibui, dufu likapigwa, nikatembea Gongoni mpaka Isevya bila kushika ukuta wa mtu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nyuma yetu bajaji inakokota, bwana kakumbatia makubadhi yake kama mtoto mchanga.

Tulipofika akaniita. Nilijua nitalaumiwa, labda nimekwenda mbio. Akaitazama miguu yangu, akasema taratibu, "Kumbe na wewe miguu ilikuwa inakuuma?"

Mtoto ambaye alikuwa hajaota meno ndiye huyo anaoa, na mwenzangu ndiyo kwanza anauliza! Nilikuwa na maneno makali ya kumpa, nikayaweka, nikachuchumaa kando ya bajaji.

"Nyoosha mguu," nikamwambia.

Akawatazama wazee, akawatazama wakwe, kisha akaunyoosha pale pale ndani ya bajaji. Nikaanza na kigimbi, na safari hii hakunikumbusha kisigino kiko wapi.