Jina la Mkwe

Generoza, fundi cherehani wa Kalangalala mjini Geita, hakuwa mwanamke wa kumeza maneno. Mteja aliyetelekeza gauni lake aliambiwa, na fundi mwenzake aliyepunja kitambaa cha watu aliambiwa mbele ya mwenye kitambaa. Lakini tangu aolewe lilikuwapo neno moja ambalo mdomo wake haukuwahi kulitoa, nalo ni jina la baba mkwe wake. Kwa watu wa mumewe, mke wa mtoto halitamki jina la mkwe. Halitamki kwa hasira wala kwa utani.

Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba. Mabinti wawili alikuwa nao tayari, na safari hii alitamani mtoto wa kiume, ampe jina hilohilo asiloweza kulitaja.

Sababu alikuwa nayo. Miaka ya mwanzo ya ndoa alikaa bila mtoto, na ndugu wakaanza kunong'ona kwamba mumewe, Festo, atafute mke mwingine. Baba mkwe wake aliwaita wote uani, akasema, "Binti huyu nilimleta hapa awe mwanangu. Asiyemtaka ahame yeye." Hakuna aliyehama, na minong'ono ikakoma siku hiyo. Wema wa namna hiyo watu huupokea kisha wakausahau. Generoza hakuusahau.

Jioni moja, wakiwa wanakula, alimwambia mumewe, "Baba Martina, akiwa wa kiume nimeshapata jina."

"Hata mimi," alisema Festo, ambaye alikuwa ametoka karasha, kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, nyusi zikiwa bado nyeupe kwa vumbi. "Brayton."

"Brayton ni nani kwenu?"

"Si mtu. Linasikika vizuri tu."

Mtaa huo ulikuwa na akina Brayton watatu, na hakuna mzazi wao hata mmoja aliyejua jina hilo limetoka kwa nani. Watu wanachagua jina la mtoto kama wanavyochagua rangi ya simu. Generoza alisogeza bakuli la mboga.

"Mimi nataka la yule anayetupa asali."

Tonge la Festo lilibaki hewani. "Mwita? Yule mchuuzi wa stendi?"

"Mwita kafanyaje?"

"Si ndiye anayeleta asali hapa! Tena juzi kakuongezea chupa nzima, nikanyamaza. Mama Martina, mwanangu aitwe jina la mchuuzi kwa lipi hasa?"

Generoza alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. "Asali ya Ushirombo, wewe mwanamume! Ya mizinga! Aliyekuzaa wewe!"

"Baba?" Festo aliweka tonge chini. "Agapiti?"

"Hilo."

"Agapiti! Mke wangu, wenzake watamuuliza kama ni jina au dawa ya minyoo."

"Baba yako amewahi kuchekwa na nani?"

Festo alifikiri, akakosa wa kumtaja. Akanawa mikono, akasema, "Basi twende tukamwombe mwenyewe. Akikataa, ni Brayton."

Jumapili, baada ya misa, walimkuta mzee uani Ushirombo akikaza mfuniko wa mzinga. Euphrasia, dada mkubwa wa Festo, alikuwa anakoroga uji jikoni. Generoza alipiga magoti kwa taabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Martina. Na huyo wa ndani?"

"Naye anakuamkia."

Festo alieleza walichokuja kuomba. Kabla mzee hajafungua mdomo, Euphrasia alitokeza na mwiko mkononi.

"Wifi, umefikiri kweli? Huyo mtoto akimwaga uji utamwitaje?"

"Nitamwita Baba."

"Na akiiba sukari utamchapa Baba?"

Festo alicheka, Generoza hakucheka. Wifi yake hakuwa amesema uongo. Heshima ni heshima, na Generoza mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanawe hivyo. Alitazama mchanga, akaona jina lile linamponyoka. Alijiuliza kama kweli ilikuwa shukrani, au tamaa yake tu ya kushika kitu kisicho chake.

Mzee aliweka nyundo chini.

"Euphrasia, mara ya mwisho umesikia lini mtu ananiita jina langu?"

"Wewe, baba? Nani akuite jina?"

"Ndilo ninalosema. Mama yenu alikuwa analiita, akatangulia. Rafiki yangu Pantaleo alikuwa analiita kutoka ng'ambo ile ya shamba, naye akaenda. Nimebaki baba, babu, mzee. Nina jina zuri walilonipa kanisani, limekaa ndani kama koti la harusi." Akamgeukia mkwewe. "Mwiko wa kutotaja jina ulikuwa wa kuniheshimu mimi, na mimi leo nimeuondoa. Ukitaka kulitoa jina kwa mtoto, lazima kwanza ulitoe mdomoni. Niite."

Generoza, ambaye hakuwahi kukosa neno kwa mteja yeyote Geita nzima, alikosa.

"A..." alisema.

"Hiyo ni herufi," alisema mzee.

"Agapiti," alinong'ona.

"Sijasikia. Mimi niko shambani na nyuki."

Generoza alivuta pumzi, akainua kichwa, akaita kama anavyomwita Martina akicheza mtaa wa pili: "Agapiti!"

"Naam, mayu!" mzee aliitika kwa sauti nyembamba, kama mtoto wa Kisukuma anavyomwitikia mama yake. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja chenye nta. Festo alikuwa ameshaangukia ukuta kwa kicheko. Hata Euphrasia alijiziba uso kwa kanga, mabega yakimtetemeka.

Alipotulia, Euphrasia hakukubali kushindwa hivihivi. "Haya. Na akizaliwa wa kike?"

"Basi litangoja," alisema mzee, akaokota nyundo yake. "Lina haraka gani? Mimi bado nalitumia."