Pipa la Dizeli na Mama Mkwe

Mume wangu hakuwa mwoga. Niliwahi kumwona akimfukuza kiboko kwenye mihogo kwa kugonga sufuria. Lakini akimwona mama yangu anakuja njiani, alikuwa anatupa jembe na kuruka kichakani mpaka apite. Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Ni heshima, na zamani haikuwa kazi, kwa sababu mama alikaa ng'ambo ya mlima. Halafu vikaja vijiji vya ujamaa. Tukapangwa kwa mistari kando ya ziwa, karibu na Murangi, na nyumba ya mama ikawa ya tatu kutoka yangu. Waliopanga walikumbuka shule, zahanati na ghala la pamba. Wakwe waliwasahau.

Mimi nilikuwa na mwaka mmoja wa ndoa na utundu wa kutosha wanawake watatu. Nilikuwa namwita mama aje kuchukua chumvi saa ileile mume wangu anaporudi kazini, kisha nasimama nyuma ya jiko nione ataruka upande gani. Siku moja aliruka kwenye miiba. Nilimchomoa miiba jioni nzima huku nikimpa pole, na tumbo linaniuma kwa kicheko nilichokibana.

Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kusaga ya kijiji. Aliipenda. Alikuwa anaifuta kwa kitambaa ambacho mimi sikuruhusiwa kukigusa. Mvua zilipokata barabara, dizeli iliisha, na kwa wiki mbili tukarudi kwenye mawe ya kusagia na mikono ikatuvimba. Ndipo yeye na wenzake wawili wakaifuata Musoma kwa mtumbwi mkubwa wa mbao.

Asubuhi ya kurudi kwao niliuona mtumbwi ukiwa bado mbali. Nikaenda kwa mama. Nikamwambia akafue sasa, pwani hakuna wanaume.

Ghuba yetu ilikuwa ndogo, upande mmoja majabali, upande mwingine mafunjo. Mama aliinama nyuma ya jabali na nguo zake. Wanaume wakafika, wakaweka mbao mbili kutoka mtumbwini hadi nchi kavu, wakaanza kuteremsha pipa, mume wangu akiwa mbele ndiye anayelizuia. Mama akainuka kukamua shuka, kanga yake ameikunja juu ya magoti.

Mume wangu akafanya kama alivyolelewa. Aliachia, akaruka pembeni, akageuka, akafunika uso kwa mikono miwili. Pipa halina ukwe na mtu, likashuka peke yake, likapiga jabali na kupasuka mshono.

Nilicheka. Nalisema hili kwa aibu, lakini nilicheka mpaka nilipoona maji yanabadilika rangi. Dizeli ilitandaa haraka, yenye rangi nzuri za kudanganya, ikaingia mafunjoni. Wanawake walikuja na kata na vibuyu kuikomba, wakapata ya kutosha kuharibu vibuyu tu. Kesho yake samaki wadogo, furu, walielea, matumbo juu. Nilimkuta mnandi, ndege mweusi wa kuzamia samaki, ameshindwa kuruka, mabawa yamegandana. Nikamwosha kwa sabuni, akaning'ata kidole, na jioni akafa. Hapo kicheko kiliniisha kabisa.

Bwana Samaki, afisa wa uvuvi, alikuja kwa baiskeli kutoka wilayani, akanusa, akaandika. Alituambia tuna bahati. Kwenye bahari za barafu, alisema, mafuta yakimwagika hukaa miaka na miaka, maana baridi haiyaachi yaondoke. "Hapa jua ni kali. Wiki chache tu, dizeli itakuwa imeisha." Mama, aliyekuwa akinywa maji ya ghuba ile, alimuuliza wiki hizo chache atakunywa jua? Bwana Samaki akafunga daftari.

Mkutano wa kijiji uliitwa. Mwenyekiti alimsimamisha mume wangu.

"Ndugu, uliachiaje pipa? Ulikuwa umelewa?"

Alitazama miguu yake. Kujibu kungekuwa kutangaza mbele ya kijiji kizima kwamba amemwona mama mkwe wake magoti wazi. Mwenyekiti akasema basi, funguo za mashine apewe mtu mwingine, na nikamwona mume wangu anaingiza mkono mfukoni kuzitoa.

Nilisimama. "Ndugu mwenyekiti, mimi ndiye nilimpeleka mama pale. Nilijua wanakuja. Nilitaka kumwona mume wangu akiruka."

Watu walicheka, isipokuwa watatu niliowahitaji: mume wangu, mama na mwenyekiti. Uamuzi ulitoka palepale: mume wangu abaki na funguo, na mimi nimchotee mama maji kutoka ng'ambo ya majabali mpaka ghuba itakapotakata. Mama ndiye atakayesema lini.

Kwenda na kurudi ilikuwa saa nzima, debe kichwani. Wiki chache zikapita, maji yakang'aa, watu wakaanza kuoga. Kila asubuhi nilimuuliza mama, kila asubuhi alijibu, "Bado, mwanangu. Inanukaga." Mvua za pili zilipofika nikawa na hakika ananichezea. Utundu wangu sikuuokota barabarani, niliurithi kwake.

Basi nikaamua kumshika. Ningechota ghubani, nimpe, anywe aseme ni matamu, kisha nimtajie yalikotoka. Ili nisionekane, niliingia katikati ya mafunjo, gizani kwenye mashina, mahali jua halifiki. Mguu ukazama kwenye tope baridi. Rangi zikapanda kutoka chini, zikazunguka mguu wangu polepole, na harufu ikanijaa puani, kali kama ya siku ya kwanza.

Nililia humo mafunjoni. Kisha nikamwaga debe, nikazunguka majabali kama kawaida.

Mama alikuwa ananisubiri mlangoni. Alitazama mguu wangu, ambao ulikuwa na utepe mweusi chini ya goti, akainama kuunusa.

"Hiyo ndiyo ulitaka kuninywesha?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilisimama na debe kichwani, na sikupata hata tabasamu la kumjibu.